Zamu ya mchana, wodi ya watoto, Kisumu

Saa 1 asubuhi. Wenzangu wa usiku wananikabidhi wodi. Kitanda cha dirishani kuna mtoto wa miezi minane, nimonia kali, oksijeni ya damu asilimia 84 hata akiwa na mirija ya puani. Kifua kinabonyea kila akivuta pumzi.

Saa 2. Daktari anasema tumweke kwenye CPAP ya mapovu. Kifaa chenyewe hakina makuu: oksijeni inaingia puani, na mrija wa kutolea pumzi unazamishwa sentimita 5 kwenye chupa ya maji. Hewa haitoki mpaka iyashinde maji hayo, na shinikizo hilo dogo linazuia vifuko vya mapafu kunywea. Mapovu yakikoma, natafuta panapovuja.

“Sista, haya maji hayamwingii mtoto?” nyanya yake anauliza.

“Hapana, dani. Maji yanabaki hapa chini, kinachoingia ni hewa tu.”

Saa 5. Stima inapotea. Konsentreta, mashine inayotupa oksijeni, huchuja naitrojeni kutoka hewa ya chumbani, lakini bila umeme ni sanduku tu. Tunakimbilia mtungi wa oksijeni.

Saa 7. Ugali na omena. Daktari mwanagenzi anatuchekesha: eti Wajapani wanapitisha oksijeni njia ya haja kubwa! Ni kweli. Sisi wa ziwani tuna kamongo, samaki mwenye mapafu. Mtafiti Mjapani Takanori Takebe na wenzake walimtazama dojo, samaki ambaye maji yakiishiwa oksijeni hupumua kwa utumbo. Mwaka 2021 walionyesha kwamba kimiminika cha perfluorokaboni kilichojazwa oksijeni kikiingizwa utumboni huinua oksijeni ya damu ya nguruwe. Mwaka 2024 wakapewa Ig Nobel, tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza, kisha unafikirisha. Mwaka 2025 wakatangaza jaribio la wanaume 27 wenye afya, walioingizwa kimiminika hicho hadi lita moja na nusu, wakibane kwa saa nzima. Kimiminika hakikuwa na oksijeni, walipima usalama tu. Waliopewa kingi zaidi walilalamikia tumbo kujaa.

Mimi sikucheka sana. Ukishaona mapafu yaliyojaa yakikataa oksijeni hata mtungi ukifunguliwa wote, hujali inapita mlango gani. ECMO, ile mashine ya kutoa damu nje, kuitia oksijeni na kuirudisha, inataka wataalamu usiku na mchana. Kimiminika na mrija, kikithibitika kwa wagonjwa, hata sisi tungeviweza.

Saa 10. Asilimia 93. Ananyonya vidole.

Saa 12 jioni naandika ripoti: oksijeni asilimia 94, pumzi 52 kwa dakika, maji ya chupa yaongezwe yakishuka chini ya alama. Mwenzangu wa usiku hata hajakaa, anauliza kama jenereta ina dizeli.