Kampeni zetu zimepangwa ili mpiga kura asiulize swali

Nimenyamaza sana na hili lakini wacha niliandike mapema, maana uchaguzi mkuu wa Kenya ni Agosti 2027 na huku Kisauni, Mombasa, mabango yashaanza kubandikwa kwenye nguzo za stima na kuta za watu bila hata hodi, nyuso ni zilezile, zimelainishwa kwa kompyuta hadi mtu wa miaka 60 yuwaonekana kama bwana harusi. Lakini shida yangu hasa si bango. Shida yangu ni kwamba ukiiangalia kampeni yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, muziki, chopa yaani helikopta, msafara, tisheti, video za TikTok, hakuna hata pahali pamoja ambapo mimi mpiga kura napewa nafasi niulize swali nijibiwe. Na mimi naamini imepangwa iwe hivyo, haikutokea tu.

Msafara kwanza, kwa sababu huo ndio twaujua sote. Mwaka 2022 kampeni rasmi zilianza Mei 29 zikaisha Agosti 6, na siku zote hizo pale steji yetu walipita wagombea wa kila aina, mtindo ni mmoja. Kwanza yaja pikapu na spika zinazotetemesha mabati, boda boda zimejipanga mbele na madereva wamevaa reflekta zenye uso wa mheshimiwa mgongoni, halafu gari kubwa lasimama katikati ya barabara na mgombea ajitokeza kwenye paa. "Kisauni mpo? Nasema Kisauni mpooo?" Watu wajibu tupo. Ataja jina la mgombea wake wa urais, kelele, awaambia wapige kura ya suti, yaani rais mpaka MCA, mwakilishi wa wadi, wote chama kimoja, kisha muziki warudi. Siku moja mama jirani yangu anayeuza viazi karai alisogea mpaka karibu na tairi ya gari akapaza sauti, "Na maji je? Mitungi twanunua kila siku mpaka lini?" Mgombea alimsikia, mimi nilikuwa nyuma ya yule mama na nikaona kabisa macho yake yamemwangukia. Akampungia mkono na kutabasamu. Emsii akaongeza sauti, gari ikaondoka.

Jamani lile swali lilikuwa zito. Maji ya Mombasa yatoka mbali, Mzima huko Taita Taveta na visima vya Baricho huko Kilifi, na lile bomba la Mzima lilijengwa miaka ya 1950 wakati mji ulikuwa mdogo, leo sensa ya 2019 yasema tuko zaidi ya milioni 1.2. Sasa mtu anayetaka kutuongoza si atwambie maji ya ziada yatatoka wapi, nani atalipa, na mabomba yanayovuja yatatengenezwa lini? Tena tangu Katiba ya 2010 usambazaji wa maji ni kazi ya kaunti, lakini ukisikiliza wagombea wa viti vyote sita kila mmoja aahidi kisima. Mbunge kisima, mwakilishi wa wanawake kisima, hata seneta ambaye kazi yake ni kulinda pesa za kaunti na yeye kisima. Ukiwa na nafasi ya kuuliza ungemwambia mheshimiwa hiyo si kazi yako, tueleze ile yako utaifanya vipi, lakini utamwambia saa ngapi na spika ziko juu ya kichwa chako.

Halafu picha. Yuleyule mama wa viazi alitembelewa na mgombea mwengine, huyu alikuja na kijana wa kamera. Alikaa kwenye benchi, akashika kiazi, akachovya kwenye ukwaju, akangoja kijana aseme tayari ndio akauma, kisha wakarudia tena kwa sababu mara ya kwanza jua lilikuwa nyuma yake. Jioni picha iko mtandaoni, mtu wa watu, ala na wananchi. Na wakati huo mafuta ya kupikia yalikuwa yamepanda mpaka mama apunguza viazi, angeulizwa tu mafuta wanunua bei gani angeeleza uchumi wa nchi hii kuliko mshauri yeyote. Hakuulizwa. Liliniuma kwa sababu walitumia jasho lake kama pambo na yeye alikuwa na la kusema.

Hata unga walituchezea. Kilo 2 zilikuwa zimefika shilingi 205, tumelia miezi na miezi, halafu Julai 20, 2022, wiki tatu kabla ya kura, serikali yatangaza 100, tena kwa wiki nne tu. Kumbe ingewezekana? Na baada ya hizo wiki nne sisi tungekula nini? Hilo nalo halikuwa na wa kuulizwa.

Kuna wanaosema makosa ni yetu kwa sababu twachukua shilingi mia mbili za wagombea. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 yasema hongo ni faini mpaka milioni 2 au jela mpaka miaka 6, sawa, basi ikamateni ile gari iliyobeba pesa, mwaijua, yasimama mchana kweupe. Kumlaumu mtu ambaye hajapika tangu jana ni rahisi sana.

Ile nafasi moja ya maswali tuliyokuwa nayo ni mdahalo na hiyo pia yatupotea. Mwaka 2013 wagombea urais wote 8 walisimama jukwaa moja, nakumbuka mtaani watu walijazana kwenye maduka yenye tivii. Mwaka 2017 Uhuru hakuja, Raila akajibu peke yake. Mwaka 2022 Raila naye hakuja, Ruto akasimama peke yake dakika 90. Yaani aliyelalamika jana kesho afanya lilelile, na hakuna anayelipia, kwa sababu walishajua kwamba chopa yaleta kura kuliko jibu.

Na sisi Mombasa mwaka huo wa 2022 tuliongezewa letu, karatasi za kura ya gavana zilikuwa na makosa ya picha na maelezo ya wagombea, uchaguzi ukasukumwa mpaka Agosti 29 na siku hiyo laini kituoni kwetu ilikuwa fupi ajabu. Nchi nzima waliojitokeza 2022 walikuwa kama asilimia 65, kutoka karibu asilimia 79 mwaka 2017. Vijana niliowauliza kwa nini hawakwenda hawakusema uvivu, walisema hakuna aliyezungumza nasi.

Kwa hivyo ombi langu kwa yeyote atakayepita Kisauni kabla ya 2027. Njoo baada ya Alasiri, uache gari barabara kuu, uje bila spika. Viti vya plastiki vipo, vya msibani, tutaviomba. Ukae saa moja uulizwe maji, ukijua sema na usipojua sema sijui, na yule mama wa viazi ndiye atakayeanza.