Siku saba kwenye boti ya wazamiaji Pemba: jinsi nilivyoitawala pumzi yangu

Nimekulia pwani ya magharibi ya Pemba, na tangu utotoni nilikuwa nikifuatana na bibi yangu kwenda mwambani kila maji ya bamvua yanapokupwa, yeye akishika mchokoo wa kuchokolea pweza nami nikibeba pakacha. Tulitembea juu ya mwamba mpaka pale mawimbi yanapovunjika, tukasimama, kisha tukarudi. Mbele yetu maji yaligeuka ghafla kutoka rangi ya kijani kuwa buluu iliyoiva, na bibi alipaita kilindini, asiongeze neno. Nilipokuwa mwalimu wa biolojia niliendelea kuwachorea wanafunzi matumbawe ubaoni, ilhali matumbawe yenyewe yalikuwa mbele ya macho yangu kila nilipokwenda ufukweni, na jambo hilo lilinisumbua kwa miaka mingi.

Nilisoma mafunzo ya mwanzo ya uzamiaji Unguja wakati wa likizo, nikapata cheti kinachoruhusu kushuka hadi mita 18. Mwezi wa Novemba, majira ya matlai, ambapo kusi imekwisha na kaskazi haijaanza, mjomba wangu ambaye ni nahodha wa boti inayochukua wazamiaji alinipigia simu kunijulisha kwamba mgeni mmoja ameahirisha safari na nafasi yake iko wazi. Mama hakuwa radhi mtoto wake wa kike alale chomboni siku saba pamoja na watu asiowajua. Aliporidhika ni kwa sababu mjomba ni maharimu yangu na mwenyewe atakuwepo usiku na mchana. Kuhusu stara sikupata taabu, kwa kuwa vazi la mpira la kuzamia hufunika kuanzia shingoni hadi vifundoni, nami nilivaa na kofia yake ya kubana kichwa; nikiwa juu ya sitaha nilijitanda kanga yangu kama nilivyozoea nyumbani.

Tuling'oa nanga bandari ya Mkoani siku ya Jumamosi, wageni wanane na mabaharia sita. Mjomba alikuwa ameichagua wiki hiyo kwa kuhesabu mwezi. Maji ya bamvua, yanayokuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, huleta mikondo yenye nguvu katika milango ya visiwa, kwa hiyo wazamiaji wenye uzoefu mdogo kama mimi hunufaika na maji mafu ya katikati. Hesabu hiyo haikuwa ngeni kwangu, ila bibi aliitumia kinyume: yeye alilitaka bamvua ili mwamba ukauke.

Mchana huo tulizama mara moja kando ya Misali, kisiwa ambacho wazee husimulia kwamba Nabii Hadhara alikifanya msala wake aliposwali hapo. Upande wa magharibi wa kisiwa hauvuliwi, na mwamba wake huporomoka kama ukuta kuelekea mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo kati ya Pemba na bara, ambao kina chake hufikia mamia ya mita. Niliona mengi kwa muda mfupi mno, kwa sababu katika dakika ya 28 mtungi wangu wa hewa ulikuwa umefika kiwango cha kurudi, na kiongozi wetu, kijana wa Nungwi, akalazimika kulipandisha kundi zima kwa ajili yangu. Wenzangu hawakulalamika, lakini nililala na uchungu moyoni, kwa kuwa nilijua kila mmoja wao amesafiri kutoka mbali na kulipa fedha nyingi ili aone kile ambacho mimi nilikikatiza.

Usiku ule nilichukua daftari nikafanya hesabu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bari 200 (bari ni kipimo cha mgandamizo wa hewa) una hewa ipatayo lita 2,400 kwa kipimo cha juu ya maji. Kanuni ya boti ilikuwa kufika juu zikiwa zimebaki bari 50, kwa hiyo hewa ya kutumia ni lita 1,800. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, na kwa wastani wa mita 14 nilizokaa, kila pumzi ilinitoka mtungini mara 2.4 ya pumzi ya nchi kavu. Nikigawanya, napata kwamba nilikuwa nikivuta takriban lita 27 kwa dakika, kama mtu anayekimbia, ilhali nilikuwa nimeelea tu nikitazama samaki. Tatizo basi halikuwa mtungi wala mapafu madogo, kama nilivyotaka kujifariji.

Kiongozi wetu aliniambia mambo mawili asubuhi ya Jumapili. Kwanza, nilikuwa nimefunga kiunoni kilo 10 za madini ya risasi, uzito wa kumsaidia mzamiaji kushuka, zilizonivuta chini muda wote, nikawa napiga miguu na mikono nisizame zaidi, na kila teke hula hewa. Alinipunguzia hadi kilo 7. Pili, nilikuwa navuta pumzi ndefu na kutoa fupi, ambayo ndiyo tabia ya mtu mwenye hofu, ilhali inatakiwa kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Nilipata njia yangu mwenyewe ya kupima: nilivuta polepole kwa hesabu ya nne, kisha nikatoa huku nikileta tasbihi moyoni mara tatu bila haraka. Sikuwahi kuizuia pumzi ili kubana matumizi, na yeyote atakayesoma maelezo haya asijaribu, kwa sababu hewa iliyofungiwa mapafuni hutanuka mtu anapopanda na inaweza kuyapasua. Siku hiyo nilizama mara tatu, na mara ya tatu nilifikisha dakika 36.

Jumatatu nilifanya kosa. Niliamka pua ikiwa nzito kidogo, nikanyamaza kwa kuogopa kuachwa. Nilipofika mita sita sikio la kushoto liliuma kama limechomwa, nami badala ya kupanda mita moja na kulizibua taratibu, niliibana pua nikapuliza kwa nguvu. Kiongozi aliona sura yangu ndani ya miwani, akanionyesha kidole gumba juu, ishara ambayo kwa wazamiaji haina maana ya pongezi bali ya kupanda. Mizamo miwili iliyobaki siku hiyo nilikaa juu. Mjomba hakunikaripia, alikuja tezini, nyuma ya boti, nilipokaa, akasema, "Mwanangu, bahari haiendi pahala. Sikio likitoboka, hilo ndilo halirudi." Nilipumzika, nikajifukiza, na tangu hapo nilianza kuzibua masikio nikiwa bado juu ya maji, kisha kila nusu mita, kabla ya kusikia maumivu yoyote. Kusubiri maumivu ni kuchelewa.

Sikio lilipofunguka Jumanne, tulikuwa tumehamia kaskazini, kwenye Mlango wa Njao karibu na Kisiwa cha Fundo, na hapo ndipo niliposhuhudia elimu ya mjomba ikifanya kazi chini ya maji. Maji yanapokupwa hutoka katika ghuba yakiwa na tope la mikoko; yanapojaa huingia kutoka bahari kuu yakiwa maangavu. Alituteremsha mwanzo wa kujaa, tukajilaza kandokando ya ukuta, na mkondo ukatuchukua bila sisi kupiga teke hata moja, huku boti ndogo ikitufuata kwa kuangalia mapovu yetu. Kwa kuwa sikuwa nikipigana na kitu, pumzi ilijipunguza yenyewe. Nilipitwa na kundi la kolekole, nikamwona chewa mkubwa amekaa kinywa wazi akisafishwa na visamaki, na mara kwa mara nilisikia mlio mkavu, kama mtu anayetafuna bisi, ambao niligundua kuwa ni wa pono wakiuguguna mwamba. Samaki huyo nimemla maisha yangu yote. Nilikuwa nikisoma kwamba anatafuna matumbawe na kuyatoa yakiwa mchanga, lakini sikudhani kwamba kazi hiyo inasikika. Mkondo ulipotufikisha ndani, kiongozi alifyatua boya lake la rangi ya machungwa, tukasimama mita tano kwa dakika tatu ili naitrojeni iliyoingia mwilini ianze kutoka, ndipo tukapanda. Dakika 44.

Maisha ya chomboni yalikuwa na utaratibu wake. Tulizama baada ya Alfajiri, tukazama tena kabla ya Adhuhuri na mara nyingine alasiri, na kati ya hapo mashine ya kujazia mitungi ilinguruma kiasi cha kukatiza mazungumzo. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yalikuwa ya kubana, hivyo vifaa vyote vilisuuzwa katika pipa moja. Asubuhi nilikunywa uji mwepesi tu, na wali wa nazi na samaki nikauachia mchana. Jioni upepo ulipotoka nchi kavu ulituletea harufu ya karafuu zilizoanikwa, na wageni wakauliza inatoka wapi.

Jumatano usiku tulizama kwa tochi. Nilikuwa nimeogopa zaidi ya siku zote, na tasbihi zangu zilihesabiwa kwa bidii. Chini ya jabali moja kiongozi alielekeza mwanga pembeni, si usoni mwa kiumbe, nikamwona pono amelala ndani ya mfuko mwembamba wa ute alioutoa mwenyewe, kama mtoto ndani ya chandarua. Nimelisimulia hilo darasani mara nyingi tangu siku ile, na bado sauti yangu hubadilika.

Alhamisi tulirudi Misali kwa mizamo miwili ya mwisho, yote ikakamilishwa kabla ya mchana, kwa sababu kanuni ya boti ilikuwa kupitisha saa 24 kabla ya yeyote kupanda ndege. Ukuta ulikuwa uleule wa Jumamosi. Mwishoni, karibu na mita tano, tulipokuwa tukingoja dakika zetu tatu, niliona tundu lenye magamba ya kaa na chaza yaliyorundikwa mlangoni, nikajua aliyemo kabla ya kumwona, kama mwanamke yeyote aliyekwenda mwambani angejua. Nilitulia bila kutikisa hata vidole. Jicho likatokeza, kisha mkono mmoja, kisha akatoka mzima, akabadilika rangi mara mbili, akaenda zake taratibu. Nilipotazama vipimo vyangu, nilikuwa nimekaa dakika 50 kwa wastani wa mita 14 zilezile, na bari 50 zilikuwa hazijaguswa. Hiyo ni takriban lita 15 kwa dakika.

Ijumaa boti ilitia nanga Mkoani mapema ili mabaharia wawahi sala, nami nikateremka na daftari lenye mizamo 13. Nyumbani nilimkuta bibi barazani. Hakuuliza habari za mitungi wala za wageni. Aliuliza kama pweza wa kilindini nao wana mashimo. Nikamwambia wanayo, na magamba wameyarundika mlangoni vilevile.