Siku Moja Kitulo: Kung'oa Misindano

Saa 11 alfajiri. Kijiji cha Matamba, kusini mwa Tanzania, kimefunikwa na ukungu, na maji ya kunawa uso yanauma vidole. Ninakunywa chai kwa viazi mviringo vya kuchemsha, ninavaa buti za mpira na sweta mbili, kisha ninachukua panga na glavu. Kazi ya leo, kung'oa misindano (miti ya paina) iliyovamia nyasi za Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ni ya kujitolea, lakini haifanywi kiholela: ndani ya hifadhi ya taifa hakuna mtu anayekata hata kijiti bila idhini, na askari wa hifadhi huwa pamoja nasi tangu tunapoingia hadi tunapotoka.

Saa 1 asubuhi. Tukiwa tunasubiri gari, mzee mmoja anaitikia shikamoo zetu, anatazama mapanga, kisha anauliza: "Mwalimu, kila mwaka mnatuhimiza tupande miti, leo mnakwenda kuing'oa?" Swali lake ni la haki kabisa. Ninamjibu kwamba msindano shambani kwake ni mali, lakini uwanda wa Kitulo ni nchi ya nyasi, na kilichofanya utangazwe kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 ni maua, yakiwemo maua ya okidi ya aina nyingi, ambayo hayawezi kuota kivulini chini ya majani makavu ya msindano. Anatikisa kichwa. Sidhani kama ameridhika.

Saa 3 asubuhi. Tumefika juu, kwenye mwinuko wa takriban meta 2,600, na ukungu umeanza kuachia. Ni mwisho wa Aprili; msimu mkubwa wa maua, unaoanza Desemba, umeshapita, lakini udongo bado una unyevu, na hiyo ndiyo sababu ya kuchagua wakati huu. Mche wa msindano unaofika magotini hutoka na mzizi wake wote ukiushika chini kabisa na kuuvuta taratibu, ilhali wakati wa kiangazi hukatikia mkononi.

Tunajipanga mstari mmoja, kila mtu akimwona mwenzake, na kusonga mbele polepole. Mbegu za msindano zina bawa dogo, hivyo upepo huzitoa kwenye mashamba ya miti na kuzitawanya mbali, na ndiyo maana unakuta mche mmoja peke yake katikati ya nyasi, mahali ambapo hakuna aliyepanda kitu. Mti uliokwisha kuwa mkubwa hukatwa kwa msumeno chini ya tawi la mwisho. Ukiachiwa tawi hata moja bichi utaendelea kuishi. Ukikatwa vizuri haurudi, kwa kuwa kisiki chake hakichipui kwa urahisi. Koni tunazikusanya kwenye viroba, maana hukaa zimefunga kwa muda mrefu na kufunguka zinapopata joto, hasa la moto.

Kijana mmoja mgeni ananiuliza kuna ubaya gani kuiacha michache. Ninamwonyesha kijito kilicho chini yetu. Maji ya uwanda huu ni sehemu ya vyanzo vya Ruaha Mkuu, mto unaopita Usangu na kufika bwawa la Mtera, na miti hii hunywa maji mengi kuliko nyasi ilizozifukuza.

Saa 7 mchana. Kande, na mapumziko mafupi.

Saa 8 mchana. Tunahamia kwenye miwati, miti mingine ya kigeni, ambayo kwa maoni yangu ni adui mbaya zaidi. Kwenye kingo za bonde tunakuta pia vishimo vidogo vilivyochimbwa karibuni: hao ni watu wanaotafuta viazi vya okidi vya kupikia chakula kiitwacho chikanda; viazi hivyo kwa miaka mingi vimekuwa vikisafirishwa kwenda kuuzwa Zambia. Askari anarekodi mahali hapo. Sisi tunapita kwa uangalifu, kwa sababu okidi iliyokwisha kupukutika bado iko hai ardhini.

Saa 10 jioni. Tunahesabu zana na kupakia viroba vya koni, na kiongozi wa kikundi anaandika eneo tulilomaliza. Mteremko wa pili umepangwa kufanyiwa kazi kabla ya nyasi kukauka, kwa sababu mbegu za miwati hulala udongoni miaka mingi, na moto wa kiangazi ukipita juu yake huziamsha zote kwa pamoja.