Nilivyoifufua ZX Spectrum iliyokaa darini

Kompyuta iliyokufa hutengenezwa kwa kuanzia kwenye umeme, chipu zinafuata baadaye. Nilijifunza hilo kwa kukaa karibu na mafundi redio nyumbani, na ndilo nililolishika nilipopewa ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani ya zamani, ya kilobaiti 48, na mzee jirani yangu hapa Uingereza. Ilikaa darini kwake miaka mingi. Nikiiwasha, kioo cha runinga kinajaa mistari ya wima, basi. Hata ule mlio mwembamba wa koili, ambao Spectrum nzima huwa nao, haukusikika.

Mashine hizi zilitoka mwaka 1982 na nyingi ziliundwa kiwanda cha Timex, Dundee, Scotland. Zilikusudiwa ziwe za bei nafuu, ila chipu nane za sehemu ya chini ya ramu (kumbukumbu ya kazi ya mashine), aina ya 4116, zinadai volti za namna tatu: 12, 5 na -5. Adapta inaleta 9 tu. Kwa hiyo ndani kuna saketi ndogo yenye transista TR4 na TR5 pamoja na koili, kazi yake kuzalisha 12 na -5. Spectrum nyingi hufia hapo.

Nikaanza na adapta. Plagi yake ina hasi katikati, kinyume cha adapta nyingi za siku hizi, kwa hiyo usichomeke yoyote uliyoiokota kwenye droo. Ilisoma kama volti 13 bila mzigo, na kwa adapta zile hilo ni la kawaida. Regyuleta ya 7805, kipande kinachoshusha umeme wa adapta, ilitoa volti 5 safi. Nikahamia kwenye chipu za 4116, ambazo mguu wa 1 ni -5, wa 8 ni 12, wa 9 ni 5, na wa 16 ni ardhi. Wa 9 ulikuwa sawa. Wa 8 na wa 1, hakuna kitu.

TR4 ilikuwa imeungua. Kishawishi ni kuibadilisha na kuwasha papo hapo, lakini transista ile mara nyingi huuawa na kitu kingine, na mpya itaifuata ya zamani. Nikazima, nikapima ukinzani kati ya mguu wa 8 na wa 16: omu chache tu. Shoti.

Tabu ni kwamba chipu zote nane zinachangia njia moja ya volti 12, kwa hiyo mita inasoma shoti popote unapogusa. Nikachukua koleo ndogo, nikawa nakata mguu wa 8 wa chipu moja baada ya nyingine, karibu na mwili wake, nikiacha kisiki cha kuuunganisha tena kwa tone la risasi ya kulehemu. Nilipokata wa chipu iliyoandikwa IC10, mita ikaruka. Mwizi kapatikana.

Kuing'oa IC10 kulitaka subira. Njia za shaba kwenye bodi ya umri ule hubanduka zikipashwa moto kupita kiasi. Kwa kuwa chipu yenyewe ilishakufa, niliikata miguu yote, kisha nikatoa kisiki kimoja kimoja: risasi mpya kidogo juu ya ile kuukuu, joto la haraka, kibano, nje. Mahali pake nikalehemu soketi. Nikaunganisha miguu niliyoikata, nikaweka transista mpya ya ZTX650 pa TR4, nikabadilisha na kapasita za elektroliti.

Kabla ya kuchomeka chipu nyingine nilipima kwenye soketi tupu, maana 4116 ikipata 12 bila -5 huharibika. 12 ipo, -5 ipo, koili inalia. Nikachomeka ramu, nikawasha, na chini ya kioo cheupe yakatokea maneno © 1982 Sinclair Research Ltd. Nilipiga ukelele.

Kibodi haikuandika kitu, kwa sababu utando wake wa plastiki ulikuwa umekauka na kupasuka. Utando mpya bado unatengenezwa, nikaununua. Ndipo nikaandika PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733, amri inayoonyesha mwisho wa ramu ambayo mashine imeiona. Ingejibu 32767, ningejua ramu ya juu nayo ina kasoro. Ilijibu 65535, yaani kilobaiti 48 zote zipo.

Sasa napakia programu kwa sauti ya simu kupitia EAR, tundu la kuingizia sauti, badala ya kaseti. Kilichobaki ni 7805, ambayo inapasha moto sana bati lake la kupozea. Nimeagiza moduli ya kisasa isiyopoteza umeme kama joto, na ikifika itakaa hapohapo kwenye matundu yaleyale matatu.