Mapigo ya asubuhi: siku moja na wachezaji wangu

Saa 11:40 alfajiri. Sijabandika hata chai, simu imeanza kulia. Wachezaji 22 wa timu yetu ya soka ya wanawake wanajipima wakiwa bado kitandani: mkanda kifuani, chali, dakika tano bila kuzungumza. Mkanda unahesabu mapigo na pia nafasi kati ya pigo na pigo, kwa milisekunde. Moyo uliopumzika haupigi kama saa ya ukutani. Nafasi hizo hurefuka na kufupika. Zikianza kulingana siku kadhaa mfululizo, mara nyingi mwili bado umechoka.

Saa 1:15. Matatu imekwama Dagoretti Corner, nafungua jedwali. Wawili mapigo yamepanda. Beki wa kushoto, kawaida yake 54 kwa dakika, leo 58. Kipa, kawaida yake 57, leo 66.

Beki yuko siku ya 23 ya mzunguko wake wa hedhi. Yai likishatoka, homoni ya projesteroni hupanda, joto la mwili huongezeka kidogo na moyo nao huenda mbio kidogo hata mtu akiwa amelala. Mwezi jana ilikuwa vivyo hivyo na alicheza vizuri. Afanye mazoezi yote.

Kipa yuko siku ya 8. Mzunguko hauhusiki hapo. Nampigia.

"Kochi, koo linaniwasha tangu jana. Niliogopa kusema, Jumamosi tuna mechi."

Hiyo "niliogopa" ndiyo inayoniuma. Timu niliyokuwa nayo zamani ilibandika namba ukutani, ya kila mmoja na jina lake. Wasichana wakaanza kujipima mara tatu na kutuma iliyo nzuri. Kwangu namba ya mchezaji hulinganishwa na yake mwenyewe tu, na haimpangi wala kumtoa kikosini bila mazungumzo.

Saa 3, uwanjani Jamhuri. Kocha mkuu anauliza kama kipa anazembea. Namwambia hapana: kukimbia na homa kunaweza kuuumiza moyo wenyewe. Anakubali, shingo upande.

Saa 5. Mazoezi yameisha nusu saa iliyopita. Namwita kila mmoja kando: yalikuwa magumu kiasi gani, 0 hadi 10? Winga anasema 7. Mara dakika 80, mzigo wake wa mazoezi leo ni 560. Huyu ametoka Mombasa juzi, na Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Huku juu moyo hupiga haraka zaidi hadi mwili uzoee, kwa hiyo mapigo yake sitayahukumu wiki hizi za kwanza.

Jioni naosha mikanda kwa sabuni. Chumvi ya jasho ikiganda kwenye vile vipande vyeusi vinavyogusa kifua, vipimo huvurugika.

Saa 2 usiku, ujumbe wa kipa: zahanati wamempima joto, 38.4. "Kesho nijipime pia, Kochi?"

"Jipime, dada. Halafu urudi kulala."