Vile nilijifunza kupiga solo ya benga na Kijaluo sikijui

Mimi ni wa Chavakali, gita nilianzia kanisani, na kwa miaka kama sita hivi kazi yangu ilikua kodi tu, zile noti kadhaa unapiga kwa pamoja (sio ya nyumba, hiyo hata sasa inanisumbua). Kwaya inaimba, mimi nashikilia kodi tatu nne, pasta akianza kuomba napunguza, akisema amina naongeza. Nilikua najiona fundi kabisa. Halafu nikahamia Kisumu kutafuta maisha, nikapanga Nyalenda, na jamaa mmoja muuza spika pale Kondele akaniambia kuna bendi ya benga, ule muziki wa gita wa Wajaluo, mpiga solo wao ametoka, wanatafuta mtu wa wikendi, matanga na klabu. Nikasema mimi naweza. Nani anakataa kazi na tarehe ni 28.

Wiki za kwanza sikufukuzwa kwa sababu tu hakukua na mwingine. Kwa wale hawajui, kwa benga solo sio pambo. Mwimbaji akimaliza mstari solo inamjibu, tena inamjibu na ile ile sauti ya maneno yake, inapanda pale alipanda na kushuka pale alishuka, rithimu inashona chini, besi inasukuma, halafu ikifika mahali mwimbaji ananyamaza solo inachukua usukani peke yake na hapo ndio watu wanaamka kwa viti. Sasa mimi nikisikia kodi ya G napiga noti za G. Hakuna mtu angesema nimekosea, lakini unaona mama amenyanyuka, leso kiunoni, anapiga hatua mbili, anakuangalia, anarudi kukaa. Heri matusi.

Halafu kukawa na mambo ya pakruok. Hapo mtu anatoa pesa, muziki unashushwa, anajisifu ama anasifu rafiki yake na kwao na watu wao, na wewe wa solo unazunguka tu na kakipande kadogo chini chini ukimsubiri amalize. Kuna matanga moja upande wa Bondo mzee alitoa mia tano akashika maikrofoni, mimi nikadhani ni shukrani za kawaida nikaanza kuweka madoido juu yake. Mzee akanyamaza. Bendi yote ikageuka kuniangalia. Pesa ilirudi mfukoni na ile mia tano ikakatwa kwa malipo yangu, na kusema ukweli sikulalamika.

Usiku huo tukirudi kwa gari mkubwa wetu, ndiye anaimba na kupiga rithimu, akaniambia, "Omera, hiyo gita yako inaongea lakini haisemi kitu." Nikamwambia Jaduong' (ndio tunamuita, yaani mzee), mimi Kijaluo sikijui, nitasema nini. Akanijibu kwani D.O. Misiani, yule nguli wa benga, si alitoka Shirati huko Tanzania akakuja kuwapigia watu hapa Kenya. Sawa, lakini huyo alikua Mjaluo wa Shirati, mimi ni Mmaragoli wa Chavakali, sio kitu moja. Sikusema hivyo, nilikua na deni la mia tano.

Lakini ile maneno ilinikaa. Nikaanza kurekodi mazoezi na simu, nikajaribu zile programu za kupunguza mwendo wa wimbo, sauti ikawa kama ya mtu amelewa, nikaachana nazo. Kitu ilinisaidia ni mama jirani anauza omena. Nilikua naandika mistari ya wimbo vile Jaduong' ameniandikia, nampelekea, namwambia mama nisomee tu kama unaongea, usiimbe. Siku ya kwanza alidhani kuna msichana natongoza. Akisoma mimi narekodi, na hapo ndio nikasikia kitu sikua nimewahi kusikia: Kijaluo chenyewe kiko na tuni, neno moja ukipandisha ama ukishusha sauti linaweza kua neno lingine. Yaani wimbo uko nusu tayari kabla mtu hajaimba. Na mimi nilikua najibu maneno na sauti ya maneno mengine, kumbe ndio maana yule mama alikua anarudi kwa kiti.

Basi ikawa kila jioni nasikiliza mstari mmoja, nauguna na mdomo umefungwa mpaka ufanane na wake, ndio nashika gita. Lakini vidole vina mazoea, ukiweka mkono kwa gita vinakimbia kwa zile shepu za kanisa. Dawa ya hiyo nilipata Kibuye siku ya Jumapili nikitafuta viatu vya mtumba, nikakuta mzee anapiga orutu, ile fidla ya Kijaluo. Uzi mmoja! Na anaongea nao kila kitu, mpaka watoto wanacheka mahali pa kucheka. Nikaenda nyumbani nikachukua gita yangu ya zamani nikatoa nyuzi tano nikabaki na ule mwembamba. Miezi mitatu nilipiga uzi mmoja, majirani walinionea huruma wakidhani nimekosa pesa ya nyuzi. Ukiwa na uzi mmoja huna pa kujificha, lazima uteleze juu na chini vile mtu anaongea. Baadaye nikarudisha wa pili, mbili zikatembea pamoja, na hio sasa ikaanza kunuka benga.

Shida ya mwisho ilikua mguu. Jaduong' alinipeleka Siaya kwa mzee wa nyatiti, kinubi cha Kijaluo, akasema solo yetu ilitoka hapo. Nyuzi nane, mzee amekaa kwa kigoda, mikono inadonoa, mdomo unaimba, na kwa kidole kikubwa cha mguu amevaa pete ya chuma anagonga nayo mbao ya nyatiti. Mguu haujali mkono unafanya nini. Kwetu pia wazee wa omutibo, ile gita ya Kiluhya ya zamani, walikua na mtu wa kukwaruza chupa ya Fanta, kazi ni ile ile, nilikua nimesahau tu. Saa hii kwa nyumba nafanya mazoezi na debe chini ya mguu, nikipoteza debe naanza upya.

Kuna usiku tulipiga karibu na Dunga, Jaduong' akaimba mstari, nikamjibu, akaacha wa pili kabisa akanipa nafasi nijibu tena peke yangu. Alirudia hivyo mara tatu. Nikangoja kusifiwa tukifungasha vyombo, akaniambia tu, "Kesho punguza ampu."

Pale mwendo unapanda bado nakimbizwa, sitadanganya, na Kijaluo changu ni cha nyimbo, naweza kukusifia mtu na ukoo wake wote lakini kununua samaki bado naonyesha kwa kidole. Jumamosi tuko Ahero na kuna wimbo mpya, maneno ninayo kwa simu, nimepelekea mama wa omena akaniambia, "Nyathina (yaani mwanangu), leo nina wateja, rudi kesho."