Kiduara kitupu kwenye hamsini

Wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili hawasumbuliwi na mshale. Waandikie x > 3, watapiga rula, wapange nambari, watie alama kwenye 3 na kuelekeza mshale kulia bila wasiwasi. Kinachowaponza ni kile kiduara. Kiachwe wazi (3 yenyewe haimo) au kijazwe wino (imo), kwao ni urembo. "Si ni kadoti tu, mwalimu?" aliniuliza mmoja, darasa likaangua kicheko.

Basi siku hizi naingia darasani na Kifungu cha 138 cha Katiba ya Kenya ya 2010. Anayewania urais hushinda akipata zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa. Tukiita asilimia ya kura zake k, hiyo ni k > 50: kiduara kitupu kwenye 50, mstari mzito hadi 100, na hapo kiduara kilichojazwa, kwa sababu hakuna wa kupata 101. (Vicheko tena. Siulizi kwa nini.) Aliye na 50 kamili, bila hata kura moja ya ziada, hajashinda. Hapo kadoti huanza kuheshimiwa.

Kisha nawapa asilimia za washindi zilizotangazwa: 50.07 mwaka 2013, 50.49 mwaka 2022. Kwenye mstari wa 0 hadi 100, alama zote mbili humezwa na kiduara chenyewe. Inabidi wachore mstari mwingine, wa 50 hadi 51, wenye vigawanyo kumi. Hata hapo, 50.07 haifiki kigawanyo cha kwanza.

Kifungu hichohicho kinadai pia angalau asilimia 25 ya kura katika kila mojawapo ya zaidi ya nusu ya kaunti. Kwa asilimia hiyo, jaza kiduara: 25 yenyewe imo. Ila kaunti ni 47, na nusu yake ni 23.5. Kaunti haikatwi vipande, kwa hiyo mstari mzito hauna kazi hapa. Unaweka nukta moja moja kuanzia 24 hadi 47.

Na ile "hamsini jumlisha moja" inayotajwa redioni kuwa ndiyo kiwango cha ushindi? Kwanza, hiyo moja ni kura, si asilimia. Pili, Katiba haisemi hivyo. Tuseme kura ni 101. Nusu ni 50.5, kwa hiyo 51 zinatosha. Nusu jumlisha moja ingekuwa 51.5, na hapo mshindi angelazimika kutafuta kura ya 52 ambayo sheria haimdai.